Kamati tumeunda, polisi wapo, wazazi wapo, pesa ni kidogo: tuanzie wapi na vijana wanaosumbua mtaa?

Swali limetoka kwa dada mmoja ambaye ni katibu wa kamati ya usalama ya mtaa wao, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mtaalam. Mtaani kwetu vijana wa miaka 13 mpaka 19 wametushinda. Simu zinakwapuliwa, ukuta wa shule umebomolewa, usiku ni kelele na matusi, wazee wanaogopa kupita. Tumeunda kamati, ina polisi, walimu, viongozi wa dini na wazazi. Kuna mapendekezo matatu mezani: doria ya usiku, kuwapeleka vijana gerezani wakajionee, au kuanzisha timu ya mpira. Pesa tuliyonayo inatosha moja tu. Tuchague lipi?"

Marahaba dada. Nianze na hilo la gerezani, maana hapo ndo kuna hatari kubwa zaidi ya kuharibu. Hayo mengine mawili nayo yana hatari zake, nitayafikia.

Wazo lenyewe linavutia, nalielewa: mtoto aone milango ya chuma, asikie wafungwa wanavyoongea, aingiwe na woga, arudi nyumbani ametulia. Marekani walilifanya kwa nguvu miaka ya 1970, kwenye gereza la Rahway kule New Jersey wafungwa wa kifungo cha maisha walikuwa wanaletewa vijana wanawafokea na kuwatisha, ikaonyeshwa kwenye TV watu wakaipenda mno na kwingine wakaiga. Halafu mtafiti mmoja, James Finckenauer, akalinganisha vijana waliopelekwa na wengine ambao hawakupelekwa, akawafuatilia miezi sita. Waliopelekwa, asilimia 41 walifanya kosa jingine. Ambao hawakupelekwa, asilimia 11. Soma tena hizo namba, sijazigeuza. Baadaye watafiti wakakusanya majaribio tisa ya aina hiyo yaliyofanyika kati ya 1967 na 1992 na picha ikawa ileile, waliotishwa walifanya makosa zaidi kuliko walioachwa bila kufanyiwa chochote. Yaani mngewaacha tu walale nyumbani siku ile mngekuwa mmefanya kazi nzuri zaidi. Na ukifikiria siyo ajabu sana, kijana wa miaka 15 akiwa mbele ya wenzake hawezi kukubali kuonekana ameogopa, kwahiyo anarudi mtaani na stori ya jinsi ambavyo yeye hakutikisika, na hiyo stori sasa lazima aiishi.

Kwahiyo hilo liondoeni mezani. Kama kuna mzee kwenye kamati analing'ang'ania, msomee hizo namba mbili.

Sasa kabla sijafika kwenye doria na mpira, kuna swali ambalo kamati nyingi zinaliruka, nalo ni hili: vijana gani? Umeandika "vijana wa miaka 13 mpaka 19" kama vile wote ni kundi moja. Siyo. Kuna utafiti wa zamani wa Philadelphia, Marekani, ambao mpaka leo tunautumia, waliwafuatilia wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945, wakakuta wavulana 627, asilimia 6 hivi, ndo waliobeba zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyorekodiwa na polisi. Wengine wengi hawakuwa na rekodi yoyote polisi, au walishikwa mara moja, mbili, wakaacha wenyewe. Na tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba kufanya makosa kunapanda mtu akiwa kwenye ujana, kunafika kileleni kati ya miaka 15 na 19 au zaidi kidogo, halafu kunashuka hata bila programu ya mtu yeyote. Maana yake kwenu ni nini? Ni kwamba mtaa wenye vijana mia tatu huenda una kumi au kumi na tano wanaozalisha sehemu kubwa ya fujo, kuna kama thelathini wanaowafuata nyuma kwa sababu ndo marafiki zao, na hao waliobaki wote hawana shida na nyie, ila mkiwatangazia vita wote basi mtawapa wale kumi jeshi.

Hapa nitulie kidogo kwenye jambo ambalo linaniogopesha kuliko yote. Ukishasema "wachache", mtu wa kwanza kwenye kikao atasema haya tuandike majina. Msiandike majina kwenye kikao kikubwa. Orodha ya majina ikitoka nje ya chumba ikaanza kutembea kwenye makundi ya simu inaweza ikaua mtoto, siongei kwa kutia chumvi, watu wenye hasira wakishapewa jina hawasubiri ushahidi. Tenganisheni vikao viwili. Kamati kubwa ijadili sehemu na saa tu: ni kona ipi, ni siku gani, kuna nini pale. Kikao kidogo cha watu watatu wanne waliokubaliana kwa maandishi kutunza siri, mwalimu mmoja, afisa ustawi wa jamii, polisi anayeshughulika na watoto, labda na mtu wa afya, ndo kijadili mtoto mmoja mmoja. Hata Uingereza na Wales sheria yao ya mwaka 1998 iliyolazimisha polisi na halmashauri kufanya kazi pamoja kwenye uhalifu iliunda timu maalum za vijana zenye polisi, mtu wa ustawi, mtu wa elimu na mtu wa afya, wataalamu wenye mipaka ya kazi, haikuwa mkutano wa hadhara. Na mwalimu akiambiwa jambo na mtoto siyo kila kitu anatakiwa kukileta mezani, mkubaliane mapema, hatari ya mtu kuumia inaletwa, mengine yanabaki kwake. Watoto wakishajua kwamba ukimwambia mwalimu jambo jioni polisi wanalo, mwalimu amekufa kikazi, hakuna atakayemwambia kitu tena.

Turudi kwenye sehemu na saa, maana hii kamati kubwa inaiweza na haigharimu kitu. Mji wa Cardiff, Wales, daktari wa upasuaji anaitwa Jonathan Shepherd aligundua watu wengi aliokuwa anawashona nyuso hospitalini baada ya ugomvi polisi hata hawajui kama waliumizwa, hawakuripoti. Basi wakaanza kuwauliza majeruhi mapokezi maswali mepesi tu, umeumizwa wapi, saa ngapi, kwa kitu gani, wanaondoa majina halafu wanawapelekea polisi na halmashauri. Kumbe kuna baa fulani na mtaa fulani vinarudi kila wikiendi. Wakahamisha askari, wakafunga barabara moja magari yasipite, wakabadilisha glasi za baa ziwe zisizopasuka ovyo. Utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha waliolazwa hospitalini kwa kupigwa walikuwa pungufu kwa asilimia 42 ukilinganisha na miji inayofanana nao. Ona sasa huo ndo ushirikiano, hospitali ilikuwa na kitu ambacho polisi hawana, na ilichotoa hakikumdhuru mgonjwa yeyote. Kwenye kamati yenu kila mtu aulizwe hivyohivyo, wewe unajua nini ambacho wengine hapa hatukijui? Mwenye duka anajua saa ambayo vijana wanajaa. Dereva anajua kona ambayo abiria wanakwapuliwa simu. Mlinzi wa shule anajua ukuta ulibomolewa siku gani, na nani hakuwa darasani (hilo la pili aliambie kile kikao kidogo).

Mkishachora hizo sehemu na saa kwenye karatasi mnaweza mkashangaa. Nyie mnazungumzia doria ya usiku, sawa, lakini takwimu za Marekani kwa mfano zinaonyesha ukatili unaofanywa na watoto walio chini ya miaka 18 siku za shule unafika kileleni kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, yaani shule ikishafungwa tu na wazazi bado hawajarudi. Kwenu inaweza kuwa tofauti, ndo maana nasema mhesabu kwanza. Itakuwa aibu mzunguke saa sita usiku kwenye baridi halafu simu zinakwapuliwa jua linawaka.

Kuhusu doria yenyewe, siikatai. Kuzunguka mtaa mzima bila mpango hakuna faida kubwa, ila kukaa kwenye sehemu chache zenye matatizo kwa saa zenye matatizo kunapunguza uhalifu, hili limepimwa mara nyingi, na ule wasiwasi kwamba wahalifu watahamia mtaa wa pili mara nyingi hautimii, wakati mwingine hata mitaa ya jirani inatulia. Lakini doria ya wananchi ina ugonjwa wake, ikikaa miezi miwili bila usimamizi inaanza kuwapiga vijana, kuwapekua, kuwadai pesa, na kijana aliyepigwa bure hatawasaidia kumtaja aliyemuua mtu kesho. Kama mtafanya, polisi awepo, watu wajulikane kwa majina, hakuna fimbo, na kazi yao ni kuonekana na kusalimia na kupiga simu. Mkiona ni ngumu kuisimamia hivyo, afadhali mtumie nguvu hiyo kusafisha. Philadelphia walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa, vingine wakavisafisha wakapanda nyasi na miti na kuweka uzio mfupi wa mbao, vingine wakaviacha, na kwenye maeneo maskini zaidi matukio ya bunduki kuzunguka viwanja vilivyopandwa yakashuka kwa asilimia 29. Nyasi jamani. Hicho kichaka na hilo jengo ambalo halijaisha mnalolijua wote, lina mwenyewe, mtafuteni.

Haya, mpira. Najua hapa nitawaudhi watu, maana kila kamati duniani ikikaa dakika kumi inasema tuwape vijana mpira. Mpira hauna ubaya, ila kukusanya vijana wenye matatizo sehemu moja bila mtu mzima wa maana katikati kunaweza kuwaharibu. Mwaka 1939 kwenye jimbo la Massachusetts, Marekani, ulianza mradi mkubwa sana wa wavulana 506 kutoka Cambridge na Somerville, nusu walipewa kila kitu, mshauri wa kuwatembelea, masomo ya ziada, matibabu, kambi za likizo, nusu wakaachwa. Miaka thelathini baadaye mtafiti Joan McCord akawatafuta. Waliosaidiwa wenyewe walisema ulikuwa msaada mzuri, lakini ukiangalia maisha yao walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao, ulevi zaidi, magonjwa ya akili zaidi, vifo vya mapema zaidi, na walioharibika zaidi walikuwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Kambini walikuwa wanakaa wao kwa wao wanasimuliana ujanja na kushangiliana. Kwahiyo timu yenu kama ipo ichanganye, wale wasumbufu wawe wawili watatu katikati ya watoto wa kawaida, iwe kwenye saa zile mlizoona kwenye karatasi kwamba ni mbaya, na kocha awe mtu anayejua kwamba kazi yake siyo kushinda kombe.

Na huyo mtu mzima ndo kila kitu. Chicago kuna programu ya wavulana wa sekondari inaitwa Becoming a Man, wanakaa duara na mshauri mara moja kwa wiki wakati wa masomo. Zoezi lao moja nalipenda sana: wavulana wanagawanywa wawili wawili, mmoja anapewa mpira anaushika, mwenzake anaambiwa una sekunde 30 umtoe huo mpira mkononi. Wanakamatana, wanavutana, wanaangushana. Kisha mshauri anauliza, kuna aliyemwomba mwenzake ampe? Karibu hakuna. Anamgeukia mwenye mpira, angekuomba ungempa? Mara nyingi jibu ni ningempa tu, ni mpira tu huu. Hapo wanaanza kuongea kuhusu ile sekunde moja kabla hujarusha ngumi, ambayo ndo imewapeleka wengi jela, siyo mpango wa uhalifu bali hasira ya ghafla mbele ya watu. Majaribio mawili pale Chicago, vijana wakichaguliwa kwa bahati nasibu nani aingie, yalionyesha kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulishuka kwa kati ya asilimia 45 na 50 wakati programu inaendelea. Ilipoisha hiyo nafuu kwa kiasi kikubwa haikuendelea, nalisema hili makusudi ili mtu asiwauzie dawa ya wiki sita.

Kazi nayo. Mji huohuo mwaka 2012 vijana 1,634 wa sekondari kwenye maeneo magumu waliingizwa kwenye kura, waliobahatika wakapewa kazi ya kulipwa ya wiki nane wakati wa likizo, saa chache kwa siku, na mtu mzima wa kuwaelekeza. Ndani ya miezi 16 kukamatwa kwao kwa ukatili kulikuwa chini kwa asilimia 43, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokea baada ya kazi kwisha, kwahiyo siyo kwamba tu walikuwa bize. Wenye biashara kwenye kamati yenu wasitoe hotuba, watoe nafasi mbili mbili za likizo.

Sasa wale kumi wenyewe, wale ambao washaingia kabisa, visu vinatembea. Hapa mfano wangu ni Glasgow, mji wa Scotland. Polisi wa huko mwaka 2005 walianzisha kitengo cha kupunguza ukatili, wakiongozwa na John Carnochan na Karyn McCluskey, wakaamua kuuangalia ukatili kama ugonjwa unaozuilika na siyo kesi za kukimbizana nazo tu. Mwaka 2008 wakawaita wanachama wa magenge ndani ya mahakama, siyo kuwashtaki, kuwaongelesha. Polisi akasema tunawajua, mmoja wenu akifanya ukatili tutalifuata genge zima. Daktari akasema anavyoona majeraha ya visu. Mama aliyepoteza mtoto akaongea. Halafu wakapewa namba ya simu, ukitaka kutoka piga, kuna watu wa ajira, wa shule, wa ulevi, watakupokea. Walichukua mfumo huu kutoka Boston ambako ulianza 1996, na mauaji ya vijana kule yalishuka kwa asilimia 63 baada yake. Scotland ilikuwa na mauaji 137 mwaka 2004/05, miaka kumi baadaye yalikuwa chini ya nusu, na siyo kitengo hicho peke yake kilichofanya hivyo, mengi yalibadilika, ila wale walioitwa waliacha kubeba silaha zaidi kuliko wenzao ambao hawakuitwa. Nguvu yake ni kwamba onyo na mlango vilitolewa siku moja na watu walewale. Kamati nyingi zinatoa onyo tu. Namba ya simu ikipigwa haipokelewi basi mmeshamalizana na huyo kijana, hatawaamini tena.

Kuhusu ukuta wa shule, hiyo ni rahisi kuliko mnavyodhani. New Zealand tangu sheria yao ya 1989 kesi nyingi za watoto zinaenda kwenye kikao cha familia, anakaa mtoto, ndugu zake, aliyekosewa kama anataka, polisi na mratibu, wanakubaliana mtoto atafanya nini kurekebisha. Mkiwajua waliobomoa waiteni na ndugu zao, mwalimu mkuu aeleze hasara, wajenge na fundi, kwisha. Msiwafukuze shule, mtawahamishia kijiweni kwa siku nzima. Na msikimbilie kituoni kwa kila kosa dogo, tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha mtoto aliyepitishwa kwenye mfumo wa mashtaka kwa kosa dogo kwa wastani anarudia zaidi kuliko aliyeepushwa nao. Waingereza walikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mtu kufanya kero, ukiivunja ni jinai, zaidi ya nusu zilivunjwa na kuna vijana walianza kujivunia kuwa nayo, wakaifuta kwa sheria ya 2014.

Ngoja nirudi kwenye pesa yenu ya kitu kimoja. Kama ningekuwa mimi nisingechagua lolote kati ya hayo matatu, ningemlipa mtu. Mtu mmoja mzima, anayeheshimika na vijana wenyewe, hata kama ni nusu siku, kazi yake ni kuwafuata wale kumi au kumi na tano kila wiki, kujua kwao, kujua mama yao anafanya kazi saa ngapi, nani ameacha shule, kuwaunganisha na zile nafasi za likizo, na kupokea simu saa nne usiku. Doria na usafi na mpira vyote vinaweza kufanywa na watu wa kujitolea, hii haiwezi, mtu wa kujitolea ataifanya mwezi mmoja atachoka. Mchague kwa makini, mkague historia yake na watoto, awe na mtu wa kumripotia kila wiki kwenye kile kikao kidogo, na vijana wenyewe waulizwe kama wanamkubali.

Kwenye kikao kijacho usipeleke hoja zote hizi, watachoka. Omba jambo moja, kila mjumbe kwa mwezi mmoja aandike tukio, sehemu, siku na saa, bila majina. Hizo karatasi mzihifadhi, maana ndo mtakazozilinganisha na za mwaka ujao mwezi uleule, msilinganishe na mwezi wa likizo. Na mwulize polisi wenu kabla ya kikao, pembeni, kama yuko tayari kusema mbele ya wote kwamba askari wake hawatatumia kikao cha kamati kukamata mtoto aliyeitwa kuongea. Akikataa, msiwaite vijana kwanza mpaka hilo limalizike.